Gulistan, Hafez na Khayyam katika lugha za Ulaya: utajuaje tarjuma ya kale imetoka wapi?

Swali: "Nimesoma Omar Khayyam kwa Kiswahili ya Shaaban Robert, nikatamani kurudi nyuma hadi kwenye asili. Nimepakua Gulistan ya Saadi na mashairi ya Hafez katika tarjuma za zamani za Kifaransa, Kijerumani na Kiingereza. Hazifanani hata kidogo. Nitajuaje ipi imetoka kwenye Kiajemi chenyewe, na ipi niiamini kwa lipi? Kiajemi sikijui, ila herufi za Kiarabu nazisoma." (Msomaji, Tanga)

Jibu:

Ndugu msomaji, kabla hujauliza mfasiri alikuwa nani, uliza mezani kwake palikuwa na nini. Alikuwa na nuskha gani ya mkono? Kamusi? Sharhi ya lugha ipi? Je, kulikuwa na Mwajemi aliyeketi pembeni yake? Ukipata majibu ya maswali hayo, tofauti nyingi zilizokutatiza zitajieleza zenyewe, kwa sababu wafasiri wa karne ya 17 na 18 hawakukosea ovyo. Kila mmoja alikosea pale ambapo nyenzo zake zilikwisha.

Tuanze na Gulistan, maana ndiyo iliyotangulia kufasiriwa Ulaya. Saadi wa Shiraz aliimaliza mwaka 656 Hijria, yaani 1258. Ina dibaji na milango 8: wafalme, madarweshi, kinaa, kunyamaza, mapenzi na ujana, uzee, malezi, na adabu za kuishi na watu. Ni hadithi fupi za nathari zilizopachikwa mashairi, mengine ya Kiajemi na mengine ya Kiarabu. Ilitangulia kwa sababu ilikuwa kitabu cha wanafunzi kuanzia Istanbul hadi Delhi. Nuskha zake zilipatikana kwa urahisi, na Waturuki walikwisha kuifasiri na kuiandikia sharhi. Mzungu aliyejua Kituruki alikuwa na ngazi ya kupandia.

Huyo ndiye André du Ryer. Aliwahi kuwa balozi mdogo wa Ufaransa nchini Misri, akachapisha sarufi ya Kituruki mwaka 1630, kisha mwaka 1634 akatoa Gulistan kwa Kifaransa mjini Paris. Tazama tarehe. Sarufi ya Kiajemi ya Louis de Dieu ilitoka Leiden mwaka 1639, na kamusi kubwa ya Kiajemi iliyoachwa na Golius ilichapishwa ndani ya kamusi ya Castell mwaka 1669. Du Ryer hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo viwili. Basi usishangae kwamba kitabu chake ni mateuzi, wala hakikufasiri yote. Hadithi zipo, lakini mashairi yamepungua sana, na panapokuwa na ugumu mara nyingi pamerukwa.

Miaka miwili baadaye, 1636, Friedrich Ochsenbach alitoa Gulistan ya Kijerumani mjini Tübingen. Kama hiyo ndiyo uliyopakua, jua kwamba ni du Ryer aliyevalishwa Kijerumani. Ochsenbach alifanya kazi juu ya Kifaransa, kwa hiyo kila alichokiacha du Ryer naye amekiacha, na kila alichokiongeza amekiongeza. Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza: wanaona tarjuma mbili zinakubaliana, wanadhani ni mashahidi wawili. Ni shahidi mmoja aliyesema mara mbili.

Kazi ya kisomi inaanza mwaka 1651. Georgius Gentius alikuwa amekwenda Istanbul kujifunza, akarudi na kuchapisha Amsterdam kitabu alichokiita Rosarium Politicum, chenye matini ya Kiajemi pamoja na tarjuma ya Kilatini na maelezo. Thamani yake iko kwenye ile matini. Mara ya kwanza mtu wa Ulaya asiye na nuskha ya mkono aliweza kumkagua mfasiri. Kitabu kilidumu kiasi kwamba James Ross, alipotoa Gulistan ya Kiingereza London mwaka 1823, alitumia matini hiyohiyo ya Gentius, iliyokuwa na umri wa zaidi ya miaka 170. Kilatini chake ni kizito, lakini kinafuata sentensi hatua kwa hatua, na hicho ndicho unachokitaka kwa kulinganisha.

Mwaka 1654 ukaja Persianischer Rosenthal wa Adam Olearius, uliochapishwa Schleswig, na hapa swali la nani aliketi pembeni linapata jibu zuri. Olearius alikuwa katibu wa ujumbe uliotumwa na mtawala wa Holstein-Gottorp, kaskazini mwa Ujerumani, kwenda Isfahan, mji mkuu wa Uajemi, kutafuta biashara ya hariri, safari iliyochukua miaka ya 1630. Shah, mfalme wa Uajemi, naye alituma ujumbe wake Gottorp mwaka 1639, na katibu wa ujumbe huo, Haqvirdi, hakurudi kwao. Alibaki Ujerumani akafanya kazi na Olearius. Kwa hiyo Gulistan hii ya Kijerumani ina sikio la Mwajemi ndani yake. Utaliona katika methali, katika majina ya vitu vya nyumbani na vyakula, na katika maelezo ya desturi ambayo hakuna kamusi ya wakati ule ingeweza kuyatoa. Hata hivyo usiisome kama neno la Saadi mwenyewe. Olearius aliwaandikia Walutheri wa Ujerumani, na mara kwa mara mawaidha yanapata harufu ya kanisani. Tarjuma ya Kiholanzi iliyotoka Amsterdam mwaka huohuo ilichotwa kwenye Kijerumani chake, si kwenye Kiajemi.

Sasa jaribio la vitendo. Fungua mlango wa kwanza, hadithi ya kwanza. Mfalme anaamuru mateka auawe. Mateka, akiwa amekata tamaa, anamtukana mfalme kwa lugha yake. Mfalme anauliza amesema nini, na waziri mwema anajibu kwa kusoma sehemu ya aya ya 134 ya Sura Al-Imran, inayowasifu wanaozuia ghadhabu na kuwasamehe watu. Mfalme anasamehe. Waziri mwingine anapinga, anafichua kwamba yalikuwa matusi, na mfalme anasema uongo wa yule wa kwanza umempendeza kuliko ukweli wa huyu. Ndipo linapokuja fumbo ambalo hata wewe usiyejua Kiajemi utalisikia: dorugh-e maslahat-amiz beh az rast-e fetne-angiz. Maslahi na fitina unavijua. Maana yake: uongo uliochanganyika na maslahi ni bora kuliko ukweli uchocheao fitina.

Ikague tarjuma yako kwa mambo matatu hapo. Kwanza, je, maneno ya waziri yanatambuliwa kuwa ni aya, au yamegeuka usemi wowote wa hekima? Mfasiri aliyekuwa na sharhi au msaidizi Mwislamu aliitambua mara moja, asiyekuwa nao alipita bila kujua. Pili, je, ubeti wa Kiarabu uliomo ndani ya hadithi, unaomlinganisha mtu aliyekata tamaa na paka aliyebanwa na mbwa, umo? Mashairi ya Kiarabu ndiyo ya kwanza kuangushwa. Tatu, je, fumbo la mwisho lina pande zote mbili, maslahi upande huu na fitina upande ule? Tarjuma ya mkono wa pili mara nyingi hubaki na "uongo mzuri ni bora kuliko ukweli mbaya," na hapo hoja ya Saadi imeshapotea, kwa kuwa yeye hazungumzii uzuri. Anazungumzia matokeo.

Kisha nenda mlango wa 5, wa mapenzi na ujana. Hesabu hadithi zake, halafu hesabu za mlango wa kwanza katika kitabu hichohicho, ulinganishe na idadi ya matini ya Kiajemi (nitakuambia chini pa kuipata). Kama mlango wa kwanza umekamilika lakini wa 5 umepungua, mfasiri hakushindwa na lugha. Aliona haya. Mapenzi mengi katika mlango huo ni ya mwanamume kwa kijana wa kiume, na wafasiri wa Kiingereza wa karne ya 19 ama walizificha hadithi hizo, ama walimgeuza mpendwa kuwa msichana. Tarjuma ya Edward Rehatsek ya mwaka 1888 haikupunguza, na ndiyo maana ilichapishwa kwa waliojiandikisha faraghani tu.

Tarjuma za Kiingereza zilizofanyiwa India ni jamii nyingine kabisa. Kiajemi kilikuwa lugha ya serikali na mahakama chini ya Kampuni ya Mashariki ya India hadi kilipoondolewa kwa sheria ya mwaka 1837, na chuo cha Fort William, Calcutta, kilifunguliwa mwaka 1800 ili kuwafundisha maofisa vijana. Gulistan ilikuwa kitabu chao cha darasani. Kwa hiyo tarjuma ya Francis Gladwin na nyingine za namna hiyo zilitengenezwa zimsaidie mwanafunzi kufuata matini neno kwa neno, na nyuma ya kila moja kulikuwa na mamunshi Wahindi, yaani walimu na makarani wa Kiajemi, ambao majina yao hayakuandikwa kwenye jalada. Hazina ladha, nakubali. Lakini kwa msomaji anayetaka kujua Saadi alisema nini hasa, nazipendelea hizi kuliko kitabu chochote cha Ulaya chenye pambo la waridi kwenye jalada.

Hafez ni kisa kigumu zaidi, na ndipo pa kukaa kidogo.

Divani yake, yaani mkusanyo wa mashairi yake, hupangwa kwa herufi ya mwisho ya kina, kuanzia alifu. Ndiyo sababu ghazali (shairi fupi la kina kimoja, aghalabu la mapenzi) ileile ya kwanza, inayoanza kwa Kiarabu "ala ya ayyuha s-saqi," inajitokeza tena na tena katika majaribio ya mapema: ndiyo iliyokuwa ukurasa wa kwanza. Mwaka 1771 Károly Reviczky alichapisha Vienna ghazali 16 kwa Kilatini. Mwaka huohuo rafiki yake William Jones alitoa London sarufi ya Kiajemi, na ndani yake akaweka "wimbo wa Kiajemi" uliomfanya Hafez maarufu kwa Waingereza. Karibu uhakika umo katika mafaili yako, kwa sababu umechapishwa katika diwani nyingi za baadaye.

Ghazali ya Hafez iliyo nyuma ya wimbo huo, ambayo si ile ya kwanza, ina baiti 9. Baiti ya Kiajemi ina vipande viwili, kama mshororo wetu wenye ukwapi na utao. Jones aliigeuza kila baiti kuwa ubeti wa mistari 6, akapata mistari 54. Hesabu hiyo peke yake inakuonya: mistari ya ziada lazima ijazwe na kitu.

Baiti ya kwanza kwa Kiajemi inasema hivi: kama yule Mturuki wa Shiraz atautwaa moyo wangu, basi kwa ajili ya baka lake la Kihindi nitatoa Samarkand na Bukhara. Mturuki, Mhindi, miji miwili mikubwa, vyote ndani ya pumzi moja. Jones alifahamu vizuri, maana sarufi yake ina pia tarjuma ya nathari yenye baka na miji yote miwili, ingawa hata humo Mturuki amekwisha kuwa msichana mzuri wa Shiraz. Katika shairi, baka limetoweka. Mahali pake yamekuja shavu la waridi na mkono mweupe kama yungiyungi, ambao Hafez hakuutaja. Samarkand na Bukhara zimebaki kama dhahabu na vito, si miji ya kutolewa zawadi.

Ubeti wa mwisho umeumia zaidi. Hafez anajiambia: umesema ghazali, umetoboa lulu, njoo uimbe vizuri, Hafez, ili mbingu imwage juu ya utungo wako mkufu wa kilimia. Kwa Jones, jina la Hafez halimo, kilimia hakimo, na lulu zimekuwa za kutungwa bila mpango, kwa wepesi usio na ufundi. Msomaji wa Kiswahili ataona kosa hili upesi kuliko Mwingereza. Sisi pia tunatunga mashairi na tunatunga shanga kwa kitenzi kimoja, na malenga wetu hutaja jina katika ubeti wa mwisho. Lulu za Hafez zimetobolewa moja moja na kupangwa. Wazo la kwamba ghazali ni lulu zilizotupwa ovyo liliwafuata wahakiki wa Ulaya kwa muda mrefu, wakilaumu mashairi ya Kiajemi kwa kukosa mpangilio, na shairi hili lina sehemu yake ya lawama.

Sasa suala la jinsia. Kiajemi, kama Kiswahili, kina neno moja tu pale ambapo Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani hulazimisha uchague kati ya mwanamume na mwanamke. "Amekuja" yetu haisemi ni nani, na yao haisemi. Kwa hiyo kila mfasiri wa Ulaya alilazimika kuamua mpendwa ni nani, na wengi wakaamua msichana. Joseph von Hammer, aliyetoa Divani nzima ya Hafez kwa Kijerumani mwaka 1812 na 1813, aliacha jinsia ya kiume, akieleza kwamba vinginevyo mtu angejikuta akiwasifu wasichana kwa ndevu zinazochipua. Ukiona "yeye" wa kike katika tarjuma ya zamani, usijenge hoja juu yake. Ni uamuzi wa mfasiri.

Hammer huyo alitegemea sana sharhi ya Kituruki ya Sudi, mwanachuoni wa Bosnia wa karne ya 16. Ilimfaa, kwa sababu Sudi anaeleza sarufi na maana ya juujuu kwa makini, wala hageuzi kila kikombe cha divai kuwa fumbo la kisufi. Lakini idadi ya ghazali ilivimba: Hammer ana zaidi ya 550, ilhali toleo la Qazvini na Ghani la mwaka 1941 lina 495 na la Khanlari 486. Zilizozidi ni za washairi wengine zilizoingia kwenye nuskha kwa miaka mingi. Kwa hiyo ukikuta ghazali katika Hammer na huioni katika toleo la kisasa la Kiajemi, usidhani umepoteza ukurasa. Ni tarjuma hii ya Hammer ambayo Goethe aliisoma mwaka 1814, ikazaa divani yake ya mwaka 1819.

Shahnama ya Firdausi na Mathnawi ya Rumi, tenzi ndefu za Kiajemi, zilichelewa, hasa kwa ukubwa wake. Firdausi ana baiti karibu 50,000, na tarjuma kamili ya Kifaransa ya Jules Mohl, yenye matini pembeni, ilichukua kuanzia 1838 hadi 1878. Vipande vya Kiingereza vilivyotangulia ni muhtasari tu.

Nirudi kwa Khayyam wako. Edward FitzGerald alianza kujifunza Kiajemi akiwa amepita miaka 40, akifundishwa na Edward Cowell. Cowell ndiye aliyeikuta katika maktaba ya Bodleian, Oxford, nuskha ya rubai (mashairi ya mistari minne) 158 iliyonakiliwa Shiraz mwaka 865 Hijria, na baadaye akamtumia nyingine ya Calcutta. Toleo la kwanza la 1859 lilichapishwa nakala 250 likiwa na beti 75. La pili, 1868, lina 110. La tatu na la nne yana 101. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha namba za beti, hakikisha mnazungumzia toleo moja, la sivyo mtabishana bure.

Katika nuskha, rubai zimepangwa kwa herufi za vina, kila moja inajitegemea. FitzGerald alizipanga upya ziwe siku moja, kuanzia alfajiri hadi mwezi unapochomoza. Hadithi hiyo ni yake. Mwaka 1899 Edward Heron-Allen alipitia beti zote akitafuta asili: akakuta 49 zinafuata rubai moja moja, 44 zimeunganishwa kutoka zaidi ya moja, na nyingine chache zina mizizi kwa Attar, mshairi mwingine wa Kiajemi, na Hafez. Shaaban Robert alifanya kazi juu ya Kiingereza hicho. Unachokisoma kwa Kiswahili ni utungo wa Shaaban Robert juu ya utungo wa FitzGerald, na usomwe hivyo, kwa haki yake wote wawili. Ukitaka rubai zenyewe, tafuta tarjuma ya nathari ya Kifaransa ya J. B. Nicolas ya 1867 yenye rubai 464. Yeye anamfanya Khayyam msufi kila anapopata nafasi, lakini hazipangi siku wala haziunganishi.

Kwa kuwa unasoma herufi za Kiarabu, una silaha ambayo wasomaji wengi hawana. Kiajemi kimeongeza herufi nne tu: پ چ ژ گ. Fungua tovuti ya Ganjoor, ambayo ina matini ya Gulistan, Hafez na Khayyam bure. Huhitaji kuelewa ili uhesabu. Hesabu hadithi za mlango, hesabu baiti za ghazali, tazama kama baiti ya mwisho ina neno حافظ, kisha angalia tarjuma yako ina nini mahali hapo. Usitafute ghazali kwa namba, kwa sababu kila toleo lina mpangilio wake: ile ya Mturuki wa Shiraz ni ya 3 katika Qazvini na Ghani, lakini vitabu vingine vinaipa namba tofauti. Itafute kwa kina chake. Kila baiti inaishia ا را, na miji miwili, سمرقند na بخارا, imo katika baiti ya kwanza.

Kwa Gulistan, anza na ile hadithi ya mateka katika Gentius, Gladwin na du Ryer zikiwa zimefunguliwa pamoja. Kilatini kisikutishe. Unachotafuta ni urefu wa aya, mahali mashairi yanapoingia, na kama majina yote yapo, na hayo yanaonekana kwa macho.